Bunduki za Fundi Elisaria

Mwezi uliopita tulimzika Baba Mkubwa Elisaria kule Mwika. Mimi nilikaa nyuma ya nyumba na akina mama tukimenya ndizi, mahali ambapo kipaza sauti kilinifikia vizuri kuliko nilivyotaka. Mjukuu mmoja, kijana wa chuo mwenye sauti ya mtangazaji, ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akaoa. Alikuwa fundi bunduki pekee upande wetu wa mlima aliyekuwa na kibali cha serikali. Alikuwa mtu wa kujitegemea, hakununua sabuni wala mafuta wala misumari. Kisha kijana akasoma: “Ufundi huo alimrithisha mwanawe, baba yetu Ndelilio, wakafanya kazi pamoja hadi macho ya mzee yalipochoka.” Kisu kilinitoka mkononi kikaangukia kwenye beseni. Mama mmoja akaniuliza kama nimejikata, nikamwambia hapana, ni utelezi tu wa ndizi. Nimezika watu wengi, na ninajua kwamba wasifu wa marehemu huoshwa kama marehemu mwenyewe anavyooshwa. Lakini huu ulikuwa umenifuta mimi kabisa, na mtu aliyefutwa ana haki ya kukasirika hata msibani. Nilirudi Moshi na hasira hiyo, nikafungua duka langu la vitambaa kama kawaida, na wateja walipopungua nikachukua daftari.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni wa mwanzoni mwa ruksa, wakati maduka ya mjini yalipojaa tena vitu baada ya miaka mingi ya foleni. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Mama Mkubwa alikuwa ameteleza akichuma kahawa akaumia nyonga, kwa hiyo nikapelekwa Mwika kumpikia, kumfulia na kukata majani ya ng'ombe. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano. Hakuna aliyetaja karakana, na mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kugusa silaha. Wiki ya kwanza nilimpelekea Baba Mkubwa kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, nikamkuta amepiga magoti sakafuni anapapasa vumbi kwa viganja. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akasema, “Usikanyage. Skrubu imeanguka.” Niliiona mara moja, ilikuwa chini ya mguu wa meza, ndogo kama punje ya ulezi. Nilipompa akaigeuza mara mbili tatu kati ya vidole, akaiacha ianguke tena. “Mae! Hebu iweke wewe,” akasema. Nikaiweka mahali alipokuwa ameelekeza kidole, nikaikaza kwa bisibisi yake, na kiburu kikapoa mezani. Tangu siku hiyo alikuwa akiita jina langu kabla chai haijachemka.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kilichowahi kuwa stoo ya kahawa, na ukuta wake haukuacha kunukia kahawa mbichi hata baada ya miaka mingi ya mafuta na moto. Kulikuwa na dirisha moja kubwa upande wa mashariki, jiliwa la chuma lililofungwa kwenye kisiki, mvukuto wa ngozi ya mbuzi, na tupa alizozipanga ukutani kuanzia kali hadi laini. Alinionya kwamba atakayezichanganya ataondoka. Bunduki zenyewe hazikuwa nyingi kama watu walivyodhani. Nyingi zilikuwa za marisau, za mtutu mmoja, mali ya wazee waliokuwa na mashamba ya mahindi huko chini porini, ambako nguruwe mwitu na nyani waliweza kumaliza ekari nzima kabla hujanywa uji. Kila bunduki ilikuja na kitabu chake cha leseni, na Baba Mkubwa hakuipokea bila kitabu hata ukimlilia. Zilikuja na kutu. Watu wetu walizoea kwamba kinachowekwa kwenye dari juu ya moshi wa jiko hakiozi, maana ndiko mahindi na ndizi kavu vilikokaa, basi na bunduki nayo wakaipandisha huko huko. Walisahau kwamba chini yake, ndani ya nyumba hiyo hiyo, walilala ng'ombe watatu, na mvuke wa mkojo wa ng'ombe haucheki na chuma. Baba Mkubwa alikuwa akifungua bunduki ya namna hiyo, anainusa, anamwambia mwenyewe: “Mbe, hii umeipikia pombe ya mbege?” Mzee wa watu anacheka kwa aibu, na wiki mbili zijazo zinakuwa za kazi yangu.

Alinifundisha kwa ukali na kwa uaminifu, na hilo silifuti kama wao walivyonifuta mimi. Jambo la kwanza kila mara lilikuwa kuhakikisha bunduki haina kitu ndani, hata kama uliihakikisha dakika moja iliyopita. Kisha unaitenga vipande vitatu, mtutu, kitako na kipande cha mbao cha chini ya mtutu, unavipanga kwenye gunia kwa mpangilio ule ule siku zote. Kutu ilitolewa kwa jivu laini lililochekechwa na mafuta, taratibu, kufuata urefu wa chuma. Mafuta tulitengeneza wenyewe kutokana na mkia wa kondoo, tukiyayeyusha na kuyachuja mara tatu, tukayalegeza kwa mafuta ya taa kidogo. Vitako vilivyopasuka tulichonga upya kwa mti wa mringaringa, uliokaushwa darini mwaka mzima. Na kwa kuwa ukungu wa Mwika huingia hadi chumbani, na nyigu wa udongo hupenda kila tundu wanaloliona, bunduki iliyongoja mwenyewe kwa muda mrefu iliwekwa kizibo mdomoni mwa mtutu. Kitambaa alikikataa, alisema kinanyonya maji. Kizibo chake kilikuwa gome kavu la mgomba, lililosokotwa kwa nguvu na kupakwa mafuta ya kondoo. Gome hilo likikaa muda mrefu huvimba na kukatika, kwa hiyo sheria ya karakana ilikuwa kwamba bunduki haitoki mpaka umetoa kizibo, ukaikunja katikati ili mtutu ufunguke nyuma, ukaelekeza mtutu dirishani na kuona duara zima la mwanga. Nilikuwa nikisema kwa sauti, “Nimeona,” na yeye, ambaye hakuwa akiona, alikuwa akijibu, “Basi itoke.”

Watu walimcheka kwa jambo lake jingine, ambalo lilikuwa kujiandaa. Alikuwa hajaisamehe ile miaka ya foleni. Aliwahi kusimama kutwa nzima akingoja kipande cha sabuni, akarudi nyumbani mikono mitupu, na nadhani siku ile kitu fulani ndani yake kilijifunga kisifunguke tena. Nyuma ya karakana alikuwa na chumba cha pili kisichokuwa na dirisha, na ufunguo wake ulikaa shingoni mwake. Humo mlikuwa na mitungi ya chumvi, magunia ya ndizi zilizokaushwa za kusagia unga, mbegu za maharage ndani ya jivu, sabuni nyeusi tuliyoipika kwa maji ya jivu na mafuta, viberiti vilivyochovywa kwenye nta, na mbarika za kukamua mafuta ya taa za udongo. Mimi nilikuwa nimetoka mjini ambako sabuni za rangi ya waridi zilipangwa madukani hadi darini, na nilimwona mtu wa ajabu kidogo. Siku moja tukila mtori nikamuuliza anaogopa nini wakati kila kitu kipo. Akaweka kijiko chini. “Hivi vitu vya dukani,” akasema, “nani anavileta?” Nikasema wafanyabiashara. “Na wakikasirika? Na barabara ikikatika? Na vita vikija?” Mama Mkubwa akasema kutoka kitandani kwake, “Elisaria, mwache mtoto ale.” Yeye akaendelea kunitazama kwa yale macho yenye ukungu. “Siku mambo yakiharibika, Aikande, watu wote watapanda kilima hiki kuja kwangu. Nitawafungulia. Ila lazima pawepo mtu anayejua kazi, maana mimi nitakuwa nimekufa. Huyo ni wewe.”

Niliyaamini maneno hayo. Naweza kuyacheka leo, lakini sitasema uongo kwamba niliyacheka wakati ule. Sijawahi kuambiwa na mtu mwingine yeyote, si mwalimu wala mchungaji wala mume niliyempata baadaye, kwamba kuna kitu kitasimama kwa sababu mimi nipo. Na kweli kufikia katikati ya mwaka kazi yote ilikuwa yangu. Yeye alikaa kwenye kigoda karibu na mvukuto, akisikiliza. Aliweza kujua kwa mlio wa tupa kama nimekosea. Wateja walipokuja mimi nilijitenga jikoni, kwa sababu kibali kilikuwa na jina lake peke yake na sheria haikuruhusu mkono mwingine uguse silaha. Wao walimkuta mzee amekaa na bunduki mapajani, inang'aa, wakamsifu. Mimi nilisikiliza sifa hizo ukutani nikikoroga uji, na nilitosheka nazo kabisa. Alikuwa ameniahidi kwamba kibali kikienda kufanywa upya Moshi, jina langu litaandikwa kama fundi msaidizi, na akifa nitakuwa fundi mwenyewe. Nilikuwa nikilala na ahadi hiyo. Wasichana wenzangu walikuwa wakiota harusi, mimi nilikuwa naota muhuri.

Fomu ilikuja mwezi wa tisa, na kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nikaijaza mimi, juu ya meza ya chakula, mchana, Mama Mkubwa akiwa ameegemea mito karibu na mlango. Baba Mkubwa alinisomea majibu kwa kichwa. Jina, kijiji, kazi, idadi ya vifaa. Tulipofika mahali pa jina la msaidizi nilikuwa nimeshaandika herufi ya kwanza, A, kubwa na ya kupendeza. “Hapo acha,” akasema. Nikauliza kwa nini. “Hapo hujazwa mbele ya afisa. Tutajaza mjini.” Nikaiacha ile A imesimama peke yake. Nikapiga pasi gauni langu la bluu la kwenda naye. Sijui nilikuwa mjinga kiasi gani, maana Mama Mkubwa aligeuza uso ukutani pale pale, na mimi nikadhani nyonga inamuuma.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nakamua ng'ombe, ambao walikaa nyuma ya ukuta wa mbao tu wa chumba cha kulala cha Baba Mkubwa na Mama Mkubwa, na wao wawili walikuwa wakizungumza Kichagga, kwa sauti ya watu wanaoamini kwamba ng'ombe ndiye msikilizaji pekee. Mama Mkubwa alikuwa akisema si haki. Alisema, “Huyu mtoto amekupa macho yake mwaka mzima.” Baba Mkubwa akajibu bila hasira, polepole, kama anavyopima springi: “Nimempenda, Ruwa anajua. Lakini msichana ataolewa. Kibali kitaenda kwa ukoo wa watu wengine. Mwanetu Ndelilio amekubali kurudi, nimeshamwandikia.” Mama Mkubwa akauliza Ndelilio anajua nini kuhusu bunduki. “Atajifunza,” akasema. “Aikande atamfundisha, kisha ataondoka vizuri.” Nilimaliza kukamua. Nilifunika maziwa. Nakumbuka nilisimama na kibuyu mkononi, na sikulia, nilikuwa na joto usoni tu kama mtu aliyepigwa kofi mbele ya watu.

Ndelilio akaja kutoka Dar es Salaam wiki hiyo hiyo, na redio kubwa ya kaseti begani na viatu vyeupe ambavyo matope ya Mwika yaliviharibu siku ya kwanza. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu ningependa kumchukia bila shida. Alikuwa mcheshi, alimbeba mama yake mgongoni kumpeleka kuota jua, aliniita “dada” na kunigawia pipi. Karakanani alikaa dakika kumi akaanza kupiga miayo. “Mzee,” alikuwa akimwambia baba yake, “mambo ya mkia wa kondoo yamepitwa na wakati. Siku hizi kila kitu ruksa, mafuta yapo madukani ya kopo, bomba kabisa.” Mzee alicheka kwa furaha ambayo sikuwahi kuipata kwake hata siku nilipochonga kitako kizima bila msaada. Walikwenda Moshi wawili, yeye na mwanawe, gauni langu la bluu likiwa limening'inia msumarini. Waliporudi na kibali kipya nilikiona mezani. Kile kitako cha mringaringa walikuwa wamekibeba kumwonyesha afisa kama kazi ya Ndelilio. Ndelilio mwenyewe aliniambia hivyo, akicheka kwa haya, akidhani na mimi nitacheka. “Afisa alinisifu kweli, dada. Nikabaki namtazama mzee tu.” Na kwenye nakala ya fomu iliyobanwa pamoja na kibali, ile A yangu ilikuwa imekatwa mstari mmoja wa wino, pembeni likaandikwa jina la Ndelilio.

Nikasusa. Nilirudi jikoni, nikapika, nikafua, nikakata majani, na karakanani sikutia mguu. Baba Mkubwa aliniita mara ya kwanza, nikasema nina ugali motoni. Aliniita mara ya pili, nikasema nguo zinanyeshewa. Hakuniita tena, na wala hakuniambia neno, si samahani, si hata “naona umekasirika.” Nilingoja neno hilo siku baada ya siku. Ningelisamehe kwa bei ndogo sana wakati huo. Badala yake nilisikia tupa ikikwaruza ovyo upande wa pili wa ukuta, na mzee akisema, “Taratibu, mwanangu, taratibu,” kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniambia mimi.

Siku moja, kabla ya adhuhuri, akaja Mzee Barnaba kuchukua bunduki yake. Alikuwa mzee mpole, mzee wa kanisa, mwenye shamba la mahindi huko chini kuelekea Holili, na bunduki yake niliisafisha mimi miezi mitatu nyuma na kuiwekea kizibo kwa mikono yangu. Nilikuwa uani nikianika kahawa. Nilimwona anatoka karakanani na bunduki begani, Ndelilio anamsindikiza huku redio ikiimba, na Baba Mkubwa yuko msalani nyuma ya migomba. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza habari za wazazi, akaenda zake. Niliwaza juu ya kizibo. Niseme ukweli wangu wote hapa kwa kuwa nadai wa wengine: niliwaza, nikafungua mdomo, halafu nikasema moyoni, wana fundi wao mwenye muhuri, waache wafanye kazi yao. Nikainama kwenye kahawa. Baadaye ilijulikana kwamba Ndelilio alikivuta kizibo kikakatika, nusu ikatoka mkononi mwake na nusu ikabaki ndani ya mtutu, naye hakuelekeza mtutu dirishani kwa sababu hakuna aliyemwambia kwa namna ya kumwingia. Siku mbili tu zikapita. Mzee Barnaba alifyatua kutisha nguruwe, mtutu ukapasuka, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikaenda. Alikufa miaka mingi iliyopita. Kila Jumapili nilipomwona akipokea chakula cha Bwana kwa ule mkono, niliinamisha macho.

Polisi walikuja wawili, asubuhi, tukiwa kwenye chai. Walikuwa na adabu. Waliweka mezani mtutu uliopasuka, umefumuka ubavuni, na kipande cha gome la mgomba kilichoungua walichokitoa ndani. Wakauliza nani aliyeitengeneza bunduki hii. Ndelilio alikuwa amegeuka rangi ya jivu. Mimi nilikuwa nimesimama na birika. Baba Mkubwa akakipapasa kile kipande cha gome, akakijua, akakirudisha mezani. Kisha akasema, “Aliyeifunga ni huyu msichana. Huingia karakanani bila kibali. Kizibo hiki ni cha mkono wake.” Hakuna hata neno moja lililokuwa la uongo mtupu, ukiliangalia moja moja, alikuwa fundi hata katika kusema. Mama Mkubwa alipiga kelele chumbani, “Elisaria!” Mimi niliweka birika chini. Nilisema, “Baba Mkubwa.” Kitako kizuri kilikuwa cha Ndelilio, vidole vya Mzee Barnaba vikawa vyangu. Zaidi ya miaka thelathini imepita na bado sijapata maneno mengine ya kuliongezea jambo hilo.

Tulipelekwa kituoni watatu, mimi, yeye na mwanawe. Afisa wa kituo alikuwa mtu wa mikoa ya mbali, mnene, mtaratibu. Alinitazama nilivyokaa na kanga yangu ya jikoni, akamtazama mzee, akaona kitu hakikai sawa. “Binti,” akasema, “mzee anasema wewe ndiye fundi. Ni kweli?” Akaagiza iletwe bunduki ya marisau ya hapo hapo kituoni, ya mtutu mmoja, wakaitenga vipande vitatu wakavipanga mezani mbele yangu. “Nifungie.” Niliielewa hesabu yake mara moja. Nikiifunga, ndimi niliyefanya kazi ya silaha bila kibali na kumkata mtu vidole. Nikishindwa, mzee ni mwongo na wenye kibali ndio wenye kesi. Vipande vilikuwa vimepangwa vibaya, kitako upande usio wake, na vidole vyangu vilitaka kuvipanga upya kabla sijafikiri. Kuifunga kungenichukua muda wa kuvuta pumzi tatu. Nikamtazama Baba Mkubwa. Alikuwa amekaa wima kwenye benchi, uso ameuelekeza kwangu, anasikiliza, na nikaona kwamba hana wasiwasi. Alikuwa amenijua mwaka mzima. Alijua ninavyoipenda kazi, alijua sitaweza kuiharibu mbele ya watu, akakiweka kiburi changu dhamana ili kumwokoa mwanawe. Hapo ndipo nilipoumia kweli, kuliko pale kwenye chai.

Nikachukua mtutu kwa mkono wa kushoto, kichwa chini. Nikaulazimisha kwenye mbao upande ambao hata mtoto angeona hauingii. Nikaigonga ile mbao mezani. Askari mmoja akaanza kucheka, mwingine akasema, “Huyu mpe mwiko.” Nikaendelea. Niliangusha pini, nikaipapasa sakafuni kwa viganja. Baba Mkubwa alisikia ile milio ya chuma kikigongana vibaya, na akanyanyuka nusu kwenye benchi, maana hakuna aliyekuwa anajua humo ndani kwamba ninaharibu kwa makusudi ila yeye na mwanawe. Hawakuweza kulisema bila kukiri kwamba ni mzee aliyenifundisha. Afisa akanyanyua mkono. “Inatosha. Mzee, unamsingizia mtoto wa watu.” Nikaachiwa niende nyumbani. Kibali kilifutwa, na Ndelilio, ambaye ndiye aliyemkabidhi Mzee Barnaba bunduki, akawekwa ndani kusubiri kesi. Niliposhuka ngazi za kituo nilidhani nitajisikia nimeshinda. Nilijisikia kama niliyetapika mbele ya watu.

Nilirudi kwa wazazi wangu, vilima viwili kutoka kule. Wiki haijaisha akaja Mama Mkubwa, kwa miguu, na fimbo, na nyonga ile ile. Mama yangu alimkalisha jikoni, akampakulia mtori. Hakula. Akafungua upande wa kanga akatoa jani la isale, mmea ule tunaoupanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, likiwa bichi, limefungwa fundo. Mchagga hahitaji kuelezwa, na asiye Mchagga ajue hivi: ukiletewa jani hilo na aliyekukosea, huwezi kumkatalia msamaha. Awe amekuulia mtoto, unapokea. Nilipiga magoti nikalipokea kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa, na Mama Mkubwa akalia na mimi nikalia, na kwa muda mfupi nilikuwa na furaha kabisa, kwa sababu lile neno nililolingoja lilikuwa limekuja. Kisha akafuta macho. “Sasa mwanangu, kesho asubuhi twende wote kituoni. Baba yako Mkubwa anaomba uwaambie ulijifanya tu. Uwafungie ile bunduki waone. Ndelilio ana mke na mtoto mchanga, na wewe bado huna mtu.”

Nikamtazama mama yangu. Alikuwa amesimama na upawa, na nilingoja amtoe nje, au walau apaze sauti. Akasema kwa upole, “Umeshapokea isale, Aikande.”

Moto uliendelea kuwaka. Jani lilikuwa mkononi mwangu, bado lina umande. “Nimemsamehe, Mama Mkubwa,” nikasema. “Mwambie nimemsamehe kwa moyo wangu wote, wala sitalitaja jambo hili kwake. Lakini bunduki mimi siijui. Polisi wenyewe waliona.” Mama Mkubwa aliitazama mikono yangu, ambayo weusi wa mafuta ya kazi ulikuwa bado haujatoka pembeni mwa kucha, na mama yangu naye akaitazama. Nikaificha chini ya kanga, nikamwambia ale, mtori unapoa.